Kamera Kubwa, Upepo wa Shela: Tripodi na Kichwa cha Kununua Kabla Umwage Doo Lamu

Wacha nianze na aibu yangu. Mwezi wa saba mwaka fulani nilishuka Lamu na kamera ya 4x5 ya kuazima, ile ya mbao yenye ngozi nyeusi inakunjika kama akodiani. Makasha matatu ya filamu, shiti sita kwa jumla. Tripodi ilikuwa yangu, nyepesi, ile nilizoea kutumia na kamera ya kawaida na haikuwa imeniangusha hata siku moja. Niliporudi Nairobi na filamu zikasafishwa, shiti tano zilikuwa zimetikisika. Moja tu ndio ilitoka fiti, na hiyo niliipiga nikiwa nimejificha nyuma ya ukuta.

Kati ya hizo tano kulikuwa na picha ya mzee mmoja, fundi wa majahazi pale Matondoni. Nilimwamkia, tukapiga stori, nikamwomba nimpige picha. Akaniambia, "Mwanangu, piga moja tu, nina kazi." Akakaa kwenye ubao, akatulia sekunde mbili nzima bila kupepesa. Yeye alitulia, tripodi yangu ndio ilikuwa inacheza. Na nilikuwa nimemwahidi nakala.

Kwa hivyo hii stori ni ya wasee wote wanaotaka kuingia kwa kamera kubwa na wako na Lamu kwa rada. Kamera unaweza azima. Lenzi unaweza pata mtumba. Lakini ukikosea miguu na kichwa, umeenda safari ya kuchoma filamu.

Kamera kubwa ni gani, na mbona inasumbua hivi

Tukisema kamera kubwa tunamaanisha ile inatumia filamu ya shiti, si roli. Saizi ya kawaida ni inchi 4 kwa 5, na ile ya wazito ni inchi 8 kwa 10. Shiti moja ya 4x5 ina eneo karibu mara 13 ya fremu ya filamu ya milimita 35. Unaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, unaangalia kioo cha ukungu nyuma ya kamera, dunia iko juu chini, unaweka fokasi na mkono. Halafu unafunga shata, unachomeka kasha la filamu, unavuta kifuniko, ndio sasa unapiga.

Kwa hizo hatua zote kamera haifai kusonga hata kidogo, juu ukishachomeka kasha huoni tena chenye unapiga. Kama kichwa kimelala milimita mbili baada ya kuweka fokasi, utajua ukifika nyumbani.

Shida ya pili ni mwanga. Na hizi kamera unafunga tundu la lenzi sana, f/22 au f/32, ndio mbele na nyuma zote ziwe kali. Filamu ya ISO 100 kwa jua kali la saa sita, f/32, inataka kama 1/25 ya sekunde. Hiyo ni kwa jua. Ukiingia kwa vichochoro vya Mkomani ambako kuta za matumbawe zimebanana na jua linapita juu tu, mwanga unashuka hadi unataka sekunde moja au zaidi. Na filamu nyingi zinachoka mwanga ukiwa mdogo: Fomapan 100, ambayo wengi huanza nayo, watengenezaji wenyewe wanasema sekunde 1 uifanye 2, na sekunde 10 uifanye 80. Sekunde 80, manze. Kwa huo muda punda watatu wamepita.

Tufanye hesabu moja tu, ya pili iko mbele. Tripodi ikiyumba kwa nyuzi 0.01, kitu huwezi ona kwa macho, lenzi ya milimita 150 inasukuma picha karibu milimita 0.026 juu ya filamu. Ukichapisha picha ya futi tatu kwa nne, hiyo imekuwa karibu robo milimita, na robo milimita jicho linaiona. Ukitumia lenzi ya milimita 300, kosa ni mara mbili. Kwa simu huo mtikisiko ungepotea tu. Hapa ndio unaonekana, na ulikuja na kamera kubwa juu ya ukali wa picha.

Ndio maana studio za kitambo za pwani zilikuwa na miguu mizito ya mbao. A. C. Gomes alikuwa anapiga picha Zanzibar karne ya 19, Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio hapo hapo Zanzibar mwaka wa 1930, na Lamu yenyewe ilikuwa na Bakor Studio. Tripodi ya kukunja iingie kwa mfuko wa lapi haingewasaidia hao wazee na kitu.

Lamu inakupimaje

Watu hununua tripodi wakiangalia namba kwa boksi. Mimi sasa nasema uangalie kwanza unaenda kusimama wapi, juu Lamu ina sakafu za kila aina na kila moja inakushambulia kivyake.

Upepo ndio mkubwa wao wote. Kuna kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, na kuna kusi, ambayo inashika Aprili na inachapa vizuri katikati ya mwaka. Ile ngozi ya kamera ni tanga. Kitambaa cheusi nacho ni tanga la pili, na liko mgongoni kwako. Hesabu ya pili ni hii: upepo ukiongezeka spidi mara mbili, nguvu inayosukuma kamera inaongezeka mara nne. Kwa hivyo tripodi iliyosimama vizuri asubuhi saa kumi na mbili inaweza kuwa takataka saa nane mchana, na hujabadilisha kitu.

Mchanga wa Shela unakuja wa pili. Kwa matuta makavu miguu inazama polepole, na hauzami sawa. Kwa mchanga mbichi karibu na maji ni noma zaidi: kila wimbi likirudi linachota mchanga chini ya mguu. Umeweka fokasi, umevuta kifuniko, kamera inashuka mos mos kama lifti.

Kule Takwa, magofu ya Manda, mashua hupita kwenye mkondo wa mikoko maji yakijaa. Ukikosea saa unatembea kwa tope na mzigo begani. Tripodi yenye kufuli za ndani ikilala kwa hilo tope, utakuwa unasikia mchanga ukisaga hadi mwaka ujao.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Hapa wengi hawachanuki. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba, juu dari zinabebwa na boriti za mikoko na boriti haiwezi kuzidi urefu fulani. Upana wa chumba mara nyingi haufiki mita tatu. Tripodi ikifunguka miguu yote inakula karibu mita moja ya huo upana, na bado kamera na wewe mnataka pa kusimama. Zaidi ya hapo, orofa ya juu inakaa juu ya hizo boriti. Mtu akitembea chumba cha pili, sakafu inaongea, na kamera inasikia. Ukitaka kupiga zidaka za ukutani kwa sekunde 80, waombe watu wa nyumba wakae chini wanywe kahawa.

Na vichochoro. Usita wa Mui, ile barabara kuu ya ndani, ina punda, mikokoteni, watoto wa madrasa na kina mama na mizigo. Ukifungua miguu mitatu katikati umefunga mji, na punda hajui wewe ni msanii. Unataka miguu inayoweza kusimama kila mmoja kwa pembe yake: mmoja juu ya baraza ya mawe, miwili karibu na ukuta, njia ibaki wazi. Na baraza ni ya mtu, kwa hivyo bisha hodi kwanza. Lamu watu wengi hawapendi kupigwa picha kiholela, na huo mtambo wako unaonekana toka mbali. Mimi naona hiyo ni faida. Inakulazimisha usalimie.

Miguu: anza hapa, weka doo hapa

Kama bajeti yako ni moja, weka sehemu kubwa kwa miguu. Kichwa unaweza badilisha baadaye.

Pima kwanza mzigo wako. Kamera za mbao nyepesi za kisasa kama Intrepid ya 4x5 ziko karibu kilo 1.2. Za chuma za kukunja kama Toyo 45A zinakaribia kilo 3. Ongeza lenzi, kasha na pleti, na mzigo wa 4x5 unakuwa kati ya kilo 2 na 4. Kamera za 8x10 nyingi zinaanzia kilo 4 na kupanda. Sasa chukua huo uzito, zidisha kwa mbili na nusu au tatu, na hiyo ndio namba ya chini kabisa unatafuta kwa boksi la tripodi. Mbona tuzidishe? Juu hakuna sheria moja ya dunia inayoambia makampuni jinsi ya kupima uzito wa kubeba. Kila mtu anapima anavyotaka. Kubeba kilo 8 bila kuvunjika si sawa na kubeba kilo 3 bila kutikisika.

Kitu cha maana zaidi ni unene wa mguu. Bomba la mguu likiwa na kipenyo mara mbili na ukuta wake ukae unene ule ule, ugumu wa kupinda unapanda karibu mara nane. Nane, si mbili. Kwa 4x5 ya kawaida tafuta bomba la juu la milimita 28 kwenda mbele. Kwa 4x5 nzito au 8x10, 32 hadi 36 na zaidi. Na usiangalie bomba la juu peke yake, angalia lile la chini kabisa. Tripodi ya kukunjika mara nne au tano inaingia kwa begi vizuri, lakini mguu wake wa mwisho ni mwembamba kama kalamu. Mara tatu inatosha. Mimi nikikosa nafasi ya kufungua zote huwa nafungua za juu, nene, na kile kipande chembamba nakiacha ndani.

Nguzo ya katikati, ile unavuta juu ukitaka urefu, ni adui. Ukiinua nguzo umeweka kamera juu ya mguu mmoja. Kama inaweza kutolewa, itoe. Tripodi za kazi nzito kama zile za Gitzo za Systematic hazina nguzo kabisa. Kichwa kinakaa moja kwa moja pale miguu inakutana. Ukipata mtumba wa aina hiyo na kufuli zote zinashika, usilale. Kwa alumini, Manfrotto 055 inabeba 4x5 nyepesi vizuri kama hujainua nguzo. Nimeiona ikifanya kazi safi ndani ya ua. Nje kwa kusi, na kamera ya chuma, nimeiona ikiimba.

Alumini, kaboni faiba au mbao? Alumini ni rahisi kupata na bei inavumilika, lakini chumvi inaila, hasa pale inagusana na skrubu za chuma. Kaboni ni nyepesi na yenyewe haishiki kutu, ila shingo na kufuli zake ni za chuma, usijidanganye. Wepesi wake ni kitu ya maana kama unapanda ndege ndogo kwenda Manda, nyingi zinakubali mzigo wa kilo 15 tu. Lakini tripodi nyepesi kwa upepo inataka kitu cha kuivuta chini, tutafika hapo.

Mbao ndio chaguo langu, na najua kuna wasee watacheka. Mbao inameza mtetemo. Ukigonga mguu wa alumini unasikia ukilia. Ukigonga wa mbao unasikia "du" na imeisha. Haichomi mkono ikikaa juani. Kufuli zake ni skrubu kubwa za nje ambazo mchanga unapukutika wenyewe. Berlebach wa Ujerumani wanatengeneza za mbao tangu 1898 na bado wako. Ubaya ni uzito na urefu: haikunjiki ikawa ndogo, na kwa matatu utalipia kiti chake.

Na hapa tuko Lamu, mji wa mafundi mbao. Fundi anayeweza kuchonga mlango wa Kiswahili haoni tabu kukutengenezea miguu mitatu. Ukienda kwa fundi, mwambie unataka mbao kavu kabisa, nyuzi zimenyooka toka juu hadi chini, bila fundo. Mbambakofi ni nzuri kwa mlango lakini kwa miguu utabeba hadi ujute. Kila mguu uwe vipande viwili vya juu vyenye nafasi katikati, na kipande cha tatu kinateleza hapo kati, unakaza na boliti ya masikio. Kazi ngumu ni ile sahani ya juu na bawaba zake. Zikiwa na nafasi hata kidogo, uzuri wote wa mbao umeenda. Hiyo sehemu ifanywe kwa chuma na mtu wa mashini.

Siri ya soveya

Kama uko na doo kidogo na mgongo wa nguvu, tafuta tripodi ya wapima ardhi. Ile ya njano au ya mbao unaona kando ya barabara mpya, msee amevaa reflekta anachungulia. Imetengenezwa kukaa nje siku nzima na chombo cha bei kubwa juu yake, na kwa mtumba mara nyingi bei yake inashinda ile ya tripodi ya kamera yenye nguvu kama hiyo. Nyingi zina uzito kama kilo 5 hadi 7. Mguu una ncha ya chuma na mahali pa kukanyaga ili uzame. Kwa udongo au tope la mikoko, hakuna kitu inaishinda.

Kuna mambo matatu ya kujua kabla ulipe. Kwanza, boliti yake ni ya inchi 5/8, nyuzi 11 kwa inchi, na vichwa vya kamera vinatumia 3/8 au 1/4. Unahitaji adapta. Zinauzwa, na pia fundi wa jua kali mwenye mashini ya kuchonga chuma anaweza kukukatia ukimpelekea boliti zote mbili. Pili, hizo ncha za chuma hazifai juu ya sakafu ya chokaa. Zinateleza na zinakwaruza nyumba ya watu ya miaka mingi. Vaa vifuniko vya mpira, au tengeneza fremu ya pembetatu ya mbao ambayo kila ncha inakaa kwa shimo lake. Hiyo fremu pia inazuia miguu isifunguke.

La tatu ni la Lamu hasa. Niliporudi mara ya pili nikiwa na tripodi ya njano begani, kabla nifike mwisho wa kijiji watu watatu walikuwa wameniuliza nani ameniita na ninapima shamba la nani. Hawakuwa wanacheka. Ardhi pale ni mambo moto, na mgeni mwenye mtambo wa soveya haji na habari njema. Niliishia kwenye baraza nikionyesha kamera, kioo, picha imepinduka, kila mtu akachungulia. Sai nimeipaka rangi ya kahawia na natembea na picha moja mkononi ya kuonyesha. Fanya hivyo hivyo.

Kichwa: achana na gololi

Kichwa cha gololi, ile tufe moja la chuma unalegeza na kukaza kwa kifundo kimoja, ndio karibu kila mtu anacho. Kwa kamera ndogo ni kitamu. Kwa kamera kubwa ni mtihani. Ukilegeza, kilo tatu zinaanguka upande wowote, na ngozi ya kamera inaweza kujibana. Ukishapata usawa wa kushoto na kulia, ukigusa wa mbele na nyuma ule wa kwanza umepotea. Na kamera kubwa inataka usawa kuliko kitu kingine, juu ukiinamisha kamera ndio uone juu ya mnara, kuta zote zinaanguka nyuma. Kwa kamera kubwa unaiacha wima kama ukuta, halafu unainua ubao wa lenzi peke yake. Ule msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa 1829, na mnara wake wa ajabu, unaupiga hivyo: pima maji juu ya kamera, nyuma iwe wima, lenzi juu. Kichwa kinachocheza kinakunyima hiyo yote.

Chaguo la kawaida ni kichwa cha mikono mitatu, kila mkono unashughulikia mwelekeo mmoja. Kinachukua nafasi na mikono inakugonga mbavu kwa kichochoro, lakini ukikaza umekaza. Cheki kisiwe kirefu kwenda juu. Kamera ikikaa juu ya mnara wa plastiki, kila upepo unapata mkono wa kuivuta. Kichwa kifupi na kipana ndio unataka.

Kichwa cha gia ndio raha yenyewe. Unazungusha kifundo, kamera inasonga kidogo kidogo, ukiachilia inabaki pale pale. Manfrotto 410 inabeba kilo 5 na yenyewe ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Kwa 4x5 nyingi inatosha. Ile kubwa yake, 405, inafika kilo 7.5. Ubaya ni mchanga: gia na mchanga wa Shela hazipatani hata siku moja. Mimi huivalisha mfuko wa plastiki na raba hadi dakika ya kutumia, na nikiinunua mtumba nazungusha kila kifundo mwanzo hadi mwisho nikisikiliza.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huogopa bure: usiwe na kichwa. Soveya anasawazisha chombo chake na miguu peke yake, kila siku, na wewe unaweza. Kamera inakaa moja kwa moja kwa sahani, unarefusha au kufupisha mguu hadi pima maji itulie. Inachukua muda, lakini umeondoa kiungo kizima cha kutikisika. Kwa majengo, ambapo kamera iko wima karibu kila wakati, haina mpinzani. Kwa 8x10 ndio ningeanza nayo.

Usisahau pleti. Kamera kubwa ikishikwa na skrubu moja katikati inaweza kuzunguka ukivuta kifuniko cha kasha, na huo ndio wakati mbaya zaidi. Tafuta pleti pana, yenye ukingo wa kushika nyuma ya kamera au nafasi ya skrubu mbili. Kama juu yake kuna mpira laini, ujue mpira unabonyea. Gundi kipande chembamba cha koki badala yake.

Ijaribu dukani, si kisiwani

Unanunua mtumba kwa msee? Mwambie akusubiri dakika kumi. Fungua miguu yote, kaza, halafu shika sahani ya juu na mikono miwili uizungushe kama usukani. Ikicheza kabla ya miguu kusonga, bawaba zimeisha. Sukuma chini na uzito wako. Mguu ukiingia ndani polepole, kufuli imechoka. Zile za klipu zinaweza kukazwa na spana, zile za kusokota zinataka kufunguliwa na kusafishwa, kwa hivyo punguza bei.

Halafu weka kamera yako, ama kitu cha uzito huo huo. Angalia kioo cha ukungu na lenzi ya kukuzia, ulenge nukta ndogo mbali. Gonga mguu na kidole. Picha itatetemeka, hiyo ni sawa. Unachohesabu ni muda wa kutulia. Ikitulia kabla useme "moja", chukua. Ukifika "tatu" na bado inacheza, mshukuru mwenyewe na uondoke. Rudia ukivuta kifuniko cha kasha, na rudia ukifyatua na waya, usiwahi bonyeza shata na kidole.

Ukifika Lamu

Saa ni silaha. Asubuhi mapema upepo mara nyingi umepoa, na mwanga unaingia pembeni. Kama lazima upige mchana, tafuta ukuta wa kukukinga, shusha kamera ifike kifuani badala ya machoni, na mguu mmoja uelekee kule upepo unaenda.

Uzito wa kuvuta chini: kiondo kimejaa mchanga, au mtungi wa maji wa lita 5, ambao ni kilo 5. Usiuninginize hewani, upepo utaufanya pendulamu na utakuwa umejitafutia mtikisiko mwingine. Kamba iwe ndefu kiasi mzigo unagusa chini kidogo. Mchanga mkavu nao, weka vifuu vya nazi chini ya miguu, mdomo chini. Kifuu kinatandaza uzito na hakizami haraka. Ukishaweka, sukuma tripodi chini na mikono, ngoja dakika moja, ndio uanze fokasi. Kitambaa cheusi ukitoe kabisa kabla ya kupiga na ukikalie. Na kama upepo unakuja na kuacha, simama na waya mkononi usubiri nafasi. Hapo ndio utajua mbona wapiga picha wa kamera kubwa wana subira ya wavuvi.

Ndani ya Ngome ya Lamu na kwa magofu, uliza walinzi kuhusu tripodi kabla ufungue begi. Zote ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa na mji wa kale uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo usianze kuchimba mashimo ya miguu.

Jioni, kabla ya dish, osha miguu na maji matamu. Si kupangusa, osha. Fungua vipande vyote, mwaga maji, kausha, acha wazi usiku kucha ndani ya chumba. Chumvi ikilala siku mbili kwa skrubu utaibeba hadi Nairobi. Usipake grisi kwa wingi, juu grisi na mchanga ni msasa.

Ile safari ya pili nilipita Matondoni. Mzee alikuwa pale pale, jahazi lingine. Nilimwambia ukweli, picha ilitikisika. Akaangalia ile miguu ya soveya, akashika mguu mmoja akausukuma na kiganja, kama vile unapima mlingoti. Akasema, "Hii sawa," akakaa. Nakala nilimpelekea mwenyewe, kwa boti ya Mokowe, imefungwa kwa kadibodi mbili.